René Capitant: Profesa wa Sheria Aliyegoma Kufundisha

Si ajabu nchini Ufaransa kumwona profesa wa sheria akivua joho na kuingia katika siasa. Bunge la nchi hiyo limekuwa na mawakili na walimu wengi tangu enzi za Jamhuri ya Tatu, na wengi wao waliingia humo kwa njia iliyonyooka: chuo, chama, kiti. René Capitant hakupitia njia hiyo. Aliongoza elimu ya taifa zima akiwa na umri wa miaka 40 na ushei, akarejea darasani, akaliacha darasa hilo kwa sababu ya dhamiri, na hatimaye akawa kinara wa kundi dogo lililojaribu kuoanisha mambo mawili ambayo aghalabu yalichukuliwa kuwa maji na mafuta: utiifu kwa Jenerali Charles de Gaulle na siasa za mrengo wa kushoto.

Capitant alizaliwa tarehe 19 Agosti 1901 huko La Tronche, karibu na mji wa Grenoble. Baba yake, Henri Capitant, alikuwa profesa wa sheria za kiraia ambaye vitabu vyake vilisomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi. Wapenzi wa lugha watavutiwa na jambo moja kuhusu mzee huyo. Ni yeye aliyesimamia utungaji wa kamusi ya istilahi za sheria katika miaka ya 1930, kazi ambayo wanasheria wanaotumia Kifaransa wanaifaidi hadi leo kupitia chama kilichobeba jina lake. Mwana naye aliifuata sheria, ila hakutaka kukaa kivulini. Aliziacha sheria za kiraia, zilizokuwa himaya ya babake, akachagua sheria za katiba.

Mwaka 1930 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Strasbourg. Uteuzi huu haukuwa wa kawaida. Strasbourg ni mji wa mpakani uliokuwa chini ya Ujerumani kuanzia 1871 hadi 1918, na chuo chake kilikuwa dirisha la Ufaransa la kutazamia ng'ambo ya mto Rhine. Humo mlikuwa na Raymond Carré de Malberg, mmojawapo wa wananadharia wakuu wa dola katika lugha ya Kifaransa. Capitant alimheshimu sana mkongwe huyo, ingawa hakumfuata katika kila jambo. Tayari mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa amejenga hoja kwamba sheria si maandishi tu yaliyopigwa muhuri. Sheria ni kile ambacho umma umekubali kukitii. Kanuni ya katiba inaweza kuwa imechapishwa vizuri na bado ikawa imekufa, kwa kuwa watu wameacha kuifuata. Na mazoea ambayo hayakuandikwa popote yanaweza kuwa na nguvu kamili ya sheria. Wakati huo hoja hii ilionekana kuwa ya kitaaluma mno, ya kujadiliwa na wataalamu wachache. Miaka 10 baadaye, serikali iliyokaa Vichy ilipodai utiifu wa Wafaransa kwa kuwa ilikuwa na karatasi halali mkononi, swali la nani hasa huipa sheria nguvu yake halikuwa tena la wataalamu peke yao.

Strasbourg ilimpa pia nafasi ya kuusoma Unazi kwa karibu. Wakati wanasiasa wengi wa Paris walikuwa wakimchukulia Hitler kuwa mpayukaji ambaye angetulizwa na majukumu ya serikali, Capitant aliyachunguza maandishi ya Wanazi wenyewe na ya wanasheria waliowatumikia. Makala yake ya kipindi hicho yalionya kwamba dola lililokuwa likijengwa Berlin halikuwa udikteta wa kawaida. Lilikuwa jaribio la kumfuta kabisa mtu binafsi kama chimbuko la haki. Alijiunga na kamati ya wasomi waliopinga ufashisti iliyoundwa mwaka 1934, na mwaka huohuo akachapisha kijitabu kuhusu marekebisho ya mfumo wa bunge. Ushindi wa vyama vya mrengo wa kushoto mwaka 1936 ulipomfanya Léon Blum kuwa waziri mkuu, Capitant alifanya kazi kwa muda katika ofisi yake. Jambo hili linafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba alikuja kuupaka msimamo wake rangi ya kushoto uzeeni.

Vita vilipozuka mwaka 1939, alipelekwa kwenye makao makuu ya Jeshi la Tano huko Alsace. Huko ndiko alikokutana na kanali mmoja mrefu aliyekuwa akisimamia vifaru vya jeshi hilo, ambaye alikuwa akiwachosha wakubwa wake kwa nadharia zake za vita vya mashine. Kanali huyo alikuwa de Gaulle. Wachache miongoni mwa wale waliokuja kujiita wafuasi wake wangeweza kudai kwamba walimfahamu kabla ya mwito wake wa redio wa tarehe 18 Juni 1940.

Baada ya Ufaransa kushindwa, Capitant aliungana na chuo chake kilichokuwa kimehamishiwa Clermont-Ferrand. Yeye na wenzake, akiwemo François de Menthon, walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kusambaza maandishi ya siri dhidi ya utawala wa Vichy. Kikundi chao kilikuja kuwa sehemu ya vuguvugu kubwa lililojulikana kama Combat. Mwaka 1941 alihamia Kitivo cha Sheria cha Algiers, akawa kiongozi wa tawi la vuguvugu hilo nchini Algeria. Kwa nje alikuwa mhadhiri anayesahihisha mitihani. Kwa ndani alikuwa mchapishaji wa gazeti haramu.

Majeshi ya Marekani na Uingereza yalitua Algeria mnamo Novemba 1942, lakini kutua huko hakukuleta uhuru uliotarajiwa. Jenerali Giraud, aliyepewa madaraka kwa idhini ya Wamarekani, aliziacha sheria nyingi za Vichy zikiendelea kutumika. Capitant na kikundi chake walipiga kelele wakimtaka de Gaulle. Jenerali huyo alipowasili Algiers mwishoni mwa Mei 1943, alimkuta profesa huyu akiwa na kundi lililojipanga, lenye gazeti na hoja. Novemba mwaka huohuo alimkabidhi wizara ya elimu katika serikali ya uhamishoni, na baada ya Paris kukombolewa Capitant aliendelea kuwa waziri wa elimu wa taifa hadi Novemba 1945.

Kipindi hicho cha miaka miwili kilikuwa cha ujenzi upya wa kila kitu. Palikuwa na walimu waliofukuzwa kwa sababu ya Uyahudi wao au imani zao za kisiasa na ambao iliwabidi warudishwe kazini, na palikuwa na wengine walioshirikiana na adui na ambao iliwabidi waondolewe. Hata hivyo, hatua yake iliyojadiliwa zaidi ni ile ya Novemba 1944, alipounda tume ya kubuni upya elimu ya Ufaransa chini ya mwanafizikia Paul Langevin, msomi ambaye ukaribu wake na Wakomunisti haukuwa siri. Langevin alifariki mwaka 1946, na mwanasaikolojia Henri Wallon akaikamilisha kazi hiyo mwaka uliofuata. Tume ilipendekeza elimu ya lazima hadi umri wa miaka 18 na kutenda haki kwa watoto wa tabaka zote. Ripoti haikutekelezwa. Ilibaki kuwa aina ya hati inayotajwa katika kila mjadala wa elimu nchini humo na kuwekwa tena kabatini, hali ambayo wasomaji wa ripoti za tume za elimu mahali pengi wataitambua bila kufafanuliwa.

De Gaulle alijiuzulu Januari 1946, na Capitant, aliyekuwa mbunge, akaanzisha chama cha kutetea mawazo ya Jenerali kuhusu katiba. Chama hicho hakikupata baraka za Jenerali mwenyewe wala kura za kutosha. Kilipokuja chama rasmi cha de Gaulle mwaka 1947, Capitant alikitumikia bungeni hadi 1951, kisha akarudi kufundisha, safari hii katika Kitivo cha Sheria cha Paris. Laiti mambo yangeishia hapo, angekumbukwa kama waziri wa zamani aliyezeeka kwa heshima kati ya vitabu vyake.

Lakini Algeria haikuwa imemwacha. Vita vya ukombozi vilianza huko Novemba 1954, na mapema mwaka 1957 jeshi la Ufaransa lilipewa mamlaka ya polisi katika jiji la Algiers. Miongoni mwa waliokamatwa ni wakili Ali Boumendjel, aliyekuwa amesomea sheria huko Algiers na kufundishwa na Capitant. Alikamatwa tarehe 9 Februari 1957, akashikiliwa na wanajeshi kwa zaidi ya wiki sita bila kufikishwa mahakamani, na tarehe 23 Machi maiti yake ikaokotwa chini ya jengo moja la ghorofa katika mtaa wa El Biar. Taarifa rasmi ilisema amejiua.

Capitant hakuiamini. Alimwandikia barua waziri wa elimu, yaani mtu aliyekuwa akikalia kiti alichokikalia yeye miaka 12 nyuma, akamjulisha kwamba anasimamisha mihadhara yake. Sababu aliyoitoa haikuwa ya kichama. Alieleza kwamba hata katikati ya vita hakuwahi kuona wafungwa wa Kijerumani wakitendewa mambo ambayo sasa serikali ya nchi yake ilikuwa ikiyaamuru au kuyavumilia dhidi ya Waalgeria, na kwamba chini ya serikali ya namna hiyo hakujiona kuwa na uwezo wa kufundisha katika kitivo cha sheria cha Ufaransa. Barua hiyo ilichapishwa magazetini, na nchi ikatikisika.

Inafaa kutulia kidogo na kulitazama tendo hili. Profesa wa sheria hana jeshi wala mfuko wa fedha. Alicho nacho ni sauti mbele ya wanafunzi, na Capitant aliona kwamba sauti hiyo ingekuwa ya uongo endapo angeendelea kueleza haki za raia saa nne asubuhi ilhali mwanafunzi wake amerushwa kutoka ghorofani na watumishi wa dola lilelile lililomlipa mshahara. Wapinzani wake wangeweza kusema, na bila shaka walisema, kwamba mfuasi wa de Gaulle alikuwa amepata fimbo nzuri ya kuichapia serikali ya Msoshalisti Guy Mollet. Huenda siasa ilikuwemo. Kwa mtu kama yeye haikukosekana. Lakini kama lengo lilikuwa kura au cheo, kugoma kwa ajili ya Mwalgeria aliyeshukiwa kuwa mwasi katika Ufaransa ya 1957 ilikuwa njia mbovu ya kuvitafuta. Hakuwa peke yake katika kusimama: siku hizohizo Jenerali Jacques de Bollardière aliomba kuondolewa katika amri yake nchini Algeria kwa sababu ya mateso, akaadhibiwa kwa kifungo cha siku 60 ngomeni.

Msomaji wa Kenya ana kigezo chake cha kulipimia jambo hili. Miaka miwili baada ya kifo cha Boumendjel, nchi ikiwa bado chini ya hali ya hatari, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Lugha ya watawala haikutofautiana sana kutoka himaya moja hadi nyingine.

Ukweli kuhusu Boumendjel ulichukua muda mrefu kukiriwa. Maagizo yaliyotolewa mnamo Machi 1962 yaliwasamehe wanajeshi kwa matendo yote ya vita hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji yake. Jenerali Paul Aussaresses alikiri katika kitabu alichokitoa mwaka 2001 kwamba yeye ndiye aliyeagiza auawe. Machi 2021 Rais Emmanuel Macron alikubali kwa jina la Ufaransa kwamba wakili huyo aliteswa na kuuawa na jeshi. Capitant alikuwa kaburini kwa miaka 50.

Baada ya mgomo wake aliondoka Ufaransa na kuongoza taasisi ya utamaduni ya Kifaransa na Kijapani mjini Tokyo kuanzia 1957 hadi 1960. Alikuwa huko wakati de Gaulle aliporejea madarakani mwaka 1958 na kuasisi Jamhuri ya Tano. Katiba mpya ilibeba mengi ambayo Capitant alikuwa ameyapigania kwa zaidi ya miaka 20, lakini haikuandikwa na mkono wake.

Aprili 1959 yeye, Louis Vallon na wenzao walianzisha chama kilichoitwa UDT, kifupi cha Kifaransa cha Umoja wa Kidemokrasia wa Kazi. Ndicho kilichokuja kujulikana kama nyumba ya wafuasi wa de Gaulle wa mrengo wa kushoto. Kilikuwa chama cha watu wachache wenye kalamu kali. Kiliunga mkono haki ya Waalgeria kujiamulia hatima yao, wakati ambapo ndani ya chama kikubwa cha de Gaulle walikuwemo wengi walioamini kwamba Jenerali alirejea ili Algeria ibaki milele mikononi mwa Ufaransa. Mwishoni mwa 1962 vyama hivyo viwili viliungana, na Capitant akaingia bungeni kama mwakilishi wa eneo la Paris lenye Mtaa wa Kilatini, kitovu cha vyuo vikuu. Alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya bunge ya sheria.

Mwaka huo wa 1962 ulimtenga na wenzake wa taaluma. De Gaulle alitaka rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja, akapeleka pendekezo hilo kwenye kura ya maoni bila kupitia bungeni. Karibu maprofesa wote wa sheria walisema katiba imevunjwa. Capitant alisema haijavunjwa: wananchi ndio wenye mamlaka ya mwisho, na mwenye mali haombi ruhusa kwa msimamizi wake. Hapa zile hoja zake za ujanani zilijitokeza tena, zikiwa na meno. Mnamo Oktoba 28 zaidi ya asilimia 60 ya waliopiga kura walilikubali pendekezo. Haidhuru mtu anakubaliana naye au la, hakuna anayeweza kusema alilibuni wazo hilo ili kumfurahisha mkubwa. Aliongeza pia sharti ambalo watetezi wengine wa urais wenye nguvu hupenda kulisahau: rais anayewauliza wananchi swali na kujibiwa la, hana budi kuondoka.

Upande wa uchumi alichelea kwamba uhuru wa kisiasa ungebaki nusu iwapo mfanyakazi angekuwa raia barabarani na mtumwa kiwandani. Yeye na Vallon walitaka wafanyakazi wapewe sehemu ya mali inayozalishwa na kampuni zinapokua. Mwaka 1965 Vallon alifaulu kuingiza katika sheria ya kodi kifungu kilichoilazimisha serikali kuandaa mswada wa jambo hilo. Waziri mkuu Georges Pompidou, aliyekuwa amefanya kazi katika benki ya Rothschild, hakulipenda. Amri ya Agosti 1967 iliwapa wafanyakazi kiasi fulani cha faida, lakini Capitant aliona wametupiwa makombo. Tangu hapo uhasama wake na Pompidou haukufichika.

Kisha ikaja Mei 1968. Vizuizi vya mawe vilijengwa katika mitaa ya eneo lake la ubunge, na polisi wakapambana na vijana nje ya kumbi alizofundishia. Mamilioni ya wafanyakazi waligoma. Wapinzani walipowasilisha hoja ya kutokuwa na imani na serikali, Capitant alitangaza kwamba ataiunga mkono, si kwa kumpinga de Gaulle bali kwa kumpinga Pompidou. Utata wa msimamo huo aliuona mwenyewe. Kabla ya kura ya tarehe 22 Mei alijiuzulu ubunge, na hoja ikakosa kura 11 ili kupita. Siku tisa baadaye de Gaulle alimteua kuwa waziri wa sheria, katika baraza lililoongozwa na yuleyule Pompidou, ambaye alibadilishwa Julai na nafasi yake kuchukuliwa na Maurice Couve de Murville.

Uwaziri huo hauna sifa ya ule wa 1944. Ulikuwa mfupi, na ulianza kwa jambo ambalo halikosi kumtatiza anayemkumbuka Boumendjel: Juni 1968 Jenerali Raoul Salan, aliyeamuru majeshi Algeria mwaka 1957 na baadaye kuongoza kundi la kigaidi lililopinga uhuru wa nchi hiyo, alitolewa gerezani kwa msamaha wa de Gaulle, na Julai sheria ya msamaha kwa makosa yote yahusuyo Algeria ikapitishwa. Waziri wa sheria alikuwa Capitant. Hakugoma.

Tarehe 27 Aprili 1969 de Gaulle aliitisha kura ya maoni kuhusu mikoa na Seneti. Zaidi ya asilimia 52 walisema la. Jenerali aliondoka siku iliyofuata, sawasawa na fundisho la profesa wake. Alain Poher, spika wa Seneti, alikaimu urais, na mawaziri wengi walibaki ofisini wakingoja uchaguzi. Capitant alikataa kumtumikia, akajiuzulu siku hiyohiyo ya Aprili 28, na wizara yake ikasimamiwa kwa muda na Jean-Marcel Jeanneney. Juni Pompidou akachaguliwa kuwa rais.

Capitant alifariki tarehe 23 Mei 1970 akiwa na umri wa miaka 68. De Gaulle alimfuata Novemba. Mwaka 1972 mkusanyo wa maandishi yake kuhusu demokrasia na ushiriki wa wananchi ulichapishwa, na mwaka 1982 yakafuata maandishi yake ya katiba. Ya pili yanasomwa na wanafunzi wa sheria wa Ufaransa hata sasa. Ya kwanza, yenye ndoto ya kiwanda ambamo mfanyakazi angekuwa mwenye mali, hayapati wasomaji wengi.